Godoro Nyuma ya Nyumba ya Jirani

Mwanangu Lutomia,

Umeenda Matete kumuaga kukhu wako, na ninavyomjua nyanya huyo hatakuachilia kabla hujamaliza kuku mzima na mchuzi wake. Kwa hivyo nina saa kadhaa za kukuandikia bila wewe kupita nyuma ya kiti changu na kuuliza, "Mama, unaandika nini tena?" Babako yuko karakana. Amesema anamalizia kabati la mteja, lakini namjua huyo, anapiga randa ubao ambao ulishanyooka tangu juzi. Mvua ya mchana imeshaanza kugonga mabati. Nimebaki na kalamu tu.

Sitakuambia uvae sweta. Baridi ya kule Madagaska unaijua. Sitakuambia uchemshe maji, wala uweke pasipoti mfuko wa ndani, wala usinunue chakula kando ya barabara. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka nikajisikia mwenyewe nikichosha. Kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuambia sawasawa, na kesho saa kama hizi utakuwa angani. Nimechelewa, lakini heri kuchelewa kuliko kunyamaza.

Ulikuwa na miaka saba kanisa lilipotutuma Madagaska. Nyanya zetu waliwapokea wamishonari wazungu hapa. Safari hii ilikuwa zamu yetu kutumwa, fundi seremala na mwalimu wa chekechea kutoka Kakamega, tukapigishwa magoti mbele ya washirika, tukawekewa mikono, tukaambiwa nendeni. Babako akafundishe vijana useremala kwenye karakana ya kanisa la huko, mimi nifundishe watoto wa Shule ya Jumapili. Makanisa ya hapa mjini, ya Matete na ya Lugari yaliahidi kutubeba. Na walitubeba, baba. (Niache nikuite baba leo, kwa kuwa unalo jina la babangu.) Wakulima wa Lugari waliuza mahindi yao ili sisi tule wali ng'ambo. Kina mama walifunga na kutuombea. Hilo nitalishukuru mpaka siku ya mwisho. Shukrani hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza, kama utakavyoona.

Unakumbuka wali? Wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na baada ya kula, maji yaliyochemshwa kwenye sufuria yenye ukoko. Wiki ya pili uliniuliza kama ugali umekufa. Babako akapanda mahindi nyuma ya nyumba, na siku niliposonga ugali wa kwanza majirani walijaa mlangoni kuniangalia nikipigana na mwiko. Watoto wa mtaa walikuita vazaha, jina wanalomwita mzungu na mgeni wa kila aina, ukaja mbio ukiwa umenyoosha mikono yako miwili mbele yangu: "Mama, mimi ni mzungu?" Na kwa kuwa huko mtoto humwita babake Dada, na wewe ukaanza. Kukhu wako alikusikia kwenye simu ukipiga kelele "Dada! Dada!" akaniuliza kwa ukali, "Wewe, umezaa msichana lini na hukuniambia?" Tulicheka mpaka babako akalazimika kukaa chini.

Nakumbusha hayo kwa sababu ni ya kweli. Tulikuwa na raha. Watu husikia "maisha ya wamishonari" wakadhani ni mahubiri kutwa kucha, kumbe ni kufua nguo, kutafuta kiberiti, kugombana kuhusu nani alimaliza sabuni, na mtoto anayelia kwa sababu haelewi mwalimu anasema nini darasani. Kwangu ile miaka ilikuwa mizuri. Kwako ilikuwa migumu kuliko nilivyotaka kukiri.

Maana ulianza kukojoa kitandani. Ulikuwa umeacha zamani, ukiwa mdogo kabisa. Kule choo kilikuwa nje, ng'ambo ya kiwanja, na jirani alikuwa na mbwa, na baridi ilikuwa ya kung'ata. Mtu mwenye akili angenunua ndoo aiweke chumbani, basi, yakaisha. Mimi nilikugombeza. Nilikunyima chai ya jioni. Nilikuambia, "Mtoto wa miaka saba, unatuaibisha mbele ya watu tuliotumwa kwao." Kila asubuhi nikaanika godoro lako mbele ya nyumba, kando ya njia waliyopita washirika wote wakienda kanisani na sokoni, kwa sababu hapo ndipo jua lilipotokea kwanza, na pia, nikisema ukweli wote, kwa sababu nilidhani aibu itakuponya.

Ndipo alipoingia Madamu Vololona. Wewe huhitaji kuambiwa yeye ni nani, lakini mimi nataka kumwandika. Mjane, jirani yetu wa upande wa chini, mfumaji wa vikapu, mwembamba, mwenye kofia yake ya nyasi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Asubuhi moja alivuka fensi ya miti bila hodi, akabeba lile godoro kichwani, akaniambia, "Kwangu nyuma kuna jua zuri zaidi." Akaenda nalo. Jioni akalirudisha likiwa limekauka, linanukia majani ya kufumia. Kesho yake akaja tena. Akaja siku iliyofuata na nyingine na nyingine, karibu miaka miwili, mpaka ulipoacha. Nikawa namshukuru kwa jua lake. Nilimwona bibi mkarimu mwenye uwanja mzuri, basi. Sikuona zaidi ya hapo.

Sasa niseme habari za barua.

Kila mwezi nilikuwa nawaandikia waliotutuma. Nilimtumia karani wa kanisa hapa Kakamega kwa barua pepe, yeye akachapisha nakala, na Jumapili baada ya matangazo zikasomwa kwa sauti: hapa, Matete, Lugari. Mwanzoni niliandika habari za kazi. Vijana sita wamejifunza kuunda madawati, bweni limeezekwa, watoto wa Shule ya Jumapili wanajua nyimbo nne. Sikupata jibu. Niliandika mwezi wa pili, wa tatu, kimya. Babako alisema watu wana kazi, ni wakati wa palizi. Mimi nilikuwa na upweke ambao sikuwa nimewahi kuuonja. Nilikuwa natembea sokoni nikielewa maneno matatu katika kila kumi, nikirudi nyumbani na mboga nisizozijua.

Halafu mwezi mmoja sikuwa na habari yoyote, nikaandika kukuhusu wewe. Nikaandika kwamba mwana wetu Lutomia anateseka, analoanisha kitanda kila usiku, anaogopa giza la kule, tafadhali mwombeeni. Baba, majibu yalimiminika. Kina mama wa Lugari walinitumia ujumbe kwamba wamelia. Matete walianzisha maombi ya Alhamisi kwa ajili yako. Mtu ambaye hatukuwahi kuonana aliniandikia kwamba hata mwanawe alikuwa hivyo na sasa ni daktari. Nilisoma zile jumbe nikiwa nimekaa kwenye jiwe la jikoni, nikalia machozi mazuri, nikajiona nimerudi nyumbani.

Basi nikaendelea. Nadhani unaelewa jinsi mtu anavyoendelea. Mwezi uliofuata nikawapa habari mpya za kitanda chako, na mwezi uliofuata. Nikaandika ulivyokataa kuomba kabla ya chakula. Nikaandika ulivyopigana na mtoto wa mzee wa kanisa. Nikaandika ulivyomtolea mwenzako viatu vyako, na hapo nilitia chumvi, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikulazimisha na ukanuna siku tatu. Nilikuwa najiambia ni kwa ajili ya maombi. Nilikuwa mpweke, na shida zako ndizo zilizoniletea majibu. Imenichukua miaka mingi kuweza kuandika sentensi hiyo, na hata sasa nimeisoma mara mbili nikitamani kuifuta.

Siku ya Matete unaijua. Lakini acha niisimulie jinsi ninavyoiona mimi, ili ujue kwamba niliona.

Ulikuwa na miaka kumi na moja, tumekuja likizo. Ulikuwa umevaa shati la bluu ulilochagua mwenyewe. Washirika walitupokea kwa nyimbo kutoka barabarani, wakatuketisha chini ya turubai, obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, vikaletwa kwa mabakuli makubwa. Wewe ulikuwa umekaa na wavulana wa rika lako, binamu zako wawili wakiwemo, na mlikuwa mmeshaanza kucheka pamoja. Nilikuwa nakutazama kwa mbali nikimshukuru Mungu kwamba umepata wenzako. Ndipo Kukhu Raeli akaja na mkongojo wake, mwanamke ambaye hakuwa na ubaya hata wa punje, akakushika shavu mbele ya wote.

"Mtoto ya Mungu, umekuwa kubwa hivi! Sisi tulikuwa tunakufungianga kila Alhamisi. Hebu niambie, kitanda sasa inakaukanga?"

Watu walicheka. Kicheko cha upendo, cha watu wanaofurahia maombi yaliyojibiwa. Mtu akasema amina. Mmoja wa binamu zako akarudia swali lile kwa sauti ya Kukhu Raeli, na wale wavulana wakaanguka kwa kicheko ambacho hakikuwa cha upendo. Niliona uso wako. Uliweka bakuli chini polepole, ukaondoka, ukaenda kukaa ndani ya pikapu ya mchungaji.

Nikakufuata. Uliniuliza maswali mawili tu.

"Mama, ni wewe uliwaambia?"

"Niliwaambia ili waombe."

"Uliniuliza?"

Hapo ndipo mama mwenye hekima angepiga magoti kwenye vumbi. Mimi niliona watu wakitazama kutoka kwenye turubai, nikaona aibu kwa ajili ya kanisa, nikakuinamia dirishani na kukuambia, kwa ile sauti ya chini unayoichukia: "Hawa watu ndio wanaokulisha. Toka ukawasalimie."

Ukatoka. Ukawasalimia wote, mmoja mmoja, kwa mkono. Mimi nikaona nimeshinda.

Kuanzia siku ile ukawa mtoto wa "sawa". Shule ikoje? Sawa. Umekula? Sawa. Una rafiki? Sawa. Tuliporudi Madagaska ulikuwa ukimwambia babako mambo kidogo kule karakana, misumari ikiwa mdomoni mwake, na mimi nikiingia mnanyamaza. Nilimwuliza, "Mtoto ana nini na mimi?" Babako, ambaye ni mtu wa maneno machache na misumari mingi, alisema, "Anaogopa utamwandika." Nilikasirika naye wiki nzima. Lakini mwezi ule sikuandika chochote kukuhusu, na mwezi uliofuata pia, na karani akaniuliza kama kuna tatizo.

Ungedhani hapo nilikuwa nimejua kosa langu. Sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimeacha tu, kama mtu anayeacha sukari kwa sababu daktari amemtisha.

Nililijua mwaka tuliofunga mizigo kurudi nyumbani kabisa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Tulikuwa tunagawa vitu, nikasema godoro lako la zamani liende kwa familia ya mlinzi. Ukasema hapana, liende kwa Madamu Vololona. Nikakuuliza anahitaji godoro la nini, ana kitanda chake. Nawe, bila kunitazama, ukiendelea kufunga kamba kwenye sanduku, ukasema, "Lilikuwa la mjukuu wake."

Sikuelewa. Ndipo ukaniambia, kwa sentensi ndefu kuliko zote ulizokuwa umenipa kwa miaka minne, kwamba watu walipouliza lile godoro lililoanikwa nyuma ya nyumba ni la nani, yeye alikuwa akiwajibu ni la mjukuu wake anayekuja kumtembelea. Kwamba alikuambia hivyo wewe mwenyewe ukiwa na miaka saba, ili ujue la kujibu ukiulizwa shuleni. Kwamba hakuna mtoto hata mmoja wa mtaa ule aliyewahi kukucheka.

Nilivuka fensi mara moja, na aproni yangu kiunoni. Alikuwa ameketi kizingitini na kikapu katikati ya magoti. Kimalagasi changu kilikuwa kimeshakuwa kizuri, lakini siku ile kiliniacha. Nilimwuliza tu kwa nini. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anapika wali.

"Mtoto wa mgeni hana shangazi hapa," alisema. "Nani angemfichia?"

Lutomia, kwetu sisi senge, dada wa baba, ndiye anayejua mambo ya mtoto na kuyakalia. Nami senge zangu walinikalia mambo yangu mpaka naolewa. Nilikuwa nimesafiri na Biblia na cherehani na mbegu za mrenda, nikafika nchi ya watu kuwafundisha upendo, na bibi mwenye kofia ya nyasi ndiye aliyekuwa akimtunza mwanangu dhidi yangu. Yeye alificha kwa mita hamsini kile nilichotangaza kuvuka bahari. Nilikaa pale kizingitini pake nikalia. Akanisukumia rundo la majani ya kufumia, nikamsaidia kuyachambua mpaka jua likazama.

Ningekuomba msamaha jioni ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno tayari, nikakukuta umelala, nikasema kesho. Kesho kulikuwa na lori la mizigo. Kesho kutwa uwanja wa ndege. Halafu tukawa Kakamega, shule mpya, watu wapya, nikajiambia umeshasahau, usiamshwe. Huo ni uongo ambao wazazi tunauonea raha sana.

Kwa hivyo ule msamaha nauandika leo. Nilikosa, mwanangu. Nilikosa kukuanika, nikakosa tena kukulaumu kwa kuumia, na nikakosa mara ya tatu kukubebesha shukrani iliyokuwa yangu na babako. Wewe hukuomba kutumwa popote. Nisamehe.

Naomba lakini uwaache Kukhu Raeli na wenzake nje ya lawama hii. Alhamisi zao zilikuwa za kweli. Yule mama alikaa na njaa kwa ajili ya kitanda cha mtoto asiyemjua, na mimi ndiye niliyempa mzigo usiokuwa wangu kumpa. Nadhani unalijua hilo kuliko mimi. Mwaka jana alipovunjika nyonga, kukhu wako alinitobolea kwamba ulikuwa ukienda Jumamosi kumkatia ng'ombe wake nyasi. Wewe hukuwahi kunitajia. Nilifurahi, nikauma ulimi, nami pia sikukutajia kwamba najua. Najifunza, unaona? Polepole, kama mwanafunzi wa babako aliyekata kidole.

Kama kuna kitu chochote nilichojifunza ambacho ningetaka uende nacho, ni hiki, na hakina urefu. Mtu akikuambia shida yake, usiitafutie kazi ya kufanya. Si lazima iwe funzo, wala ushuhuda, wala hadithi ya kumchangamsha mwingine. Wakati mwingine umepewa ili uibebe kichwani tu, uipeleke nyuma ya nyumba. Utakuwa huko peke yako, kati ya watu watakaokupenda haraka kwa sababu unaongea lugha yao kama wao. Watakuambia mambo. Na wewe utachoka siku moja, utakuwa mpweke kama nilivyokuwa, na utagundua kwamba una kisa cha mtu mfukoni ambacho kingekufanya upendwe mezani. Nikumbuke mimi nikiwa kwenye jiwe la jikoni.

Sasa Alhamisi iliyopita. Nilikuwa nachambua mrenda, ukaja ukaketi kwenye kigoda, ukachukua fungu lako ukaanza kuchambua bila kuombwa. Nikaendelea na mboga yangu, maana nimejua kwamba ukiwa karibu kusema, mtu akikohoa tu unaondoka. Ukasema, "Mama, Jumapili wasiniite mbele. Siendi kuhubiri. Naenda kusomea mifugo."

Nikasema, "Sawa."

Ulicheka kidogo, nadhani kwa sababu lilikuwa neno lako.

Ulijua unachoomba. Kanisa zima limeshaamua kwamba unarudi kuchukua kazi yetu. Wazee wameshasema damu ni damu. Watu wa Matete na Lugari walikuwa wamekodi gari waje kukuwekea mikono, watu wale wale wa mahindi na wa Alhamisi. Ijumaa nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, akasema tutaona. Nilirudi nyumbani nikijua maana ya tutaona.

Na kweli, jana baada ya matangazo akasimama na tabasamu lake. "Kijana yetu anarudi shamba ya Bwana kule ng'ambo. Mama Lutomia, kuja hapa mbele utueleze mambo yake, halafu tutamuita tumuwekee mikono. Wewe hukosangi maneno."

Kicheko kikapita kanisa zima. Ni kweli, mimi sikosi maneno. Wewe ulikuwa kando yangu kwenye benchi, ukiangalia sakafu, na nikauona tena uso ule wa siku ya turubai. Nilisimama. Sikuenda mbele. Nilishika benchi la mbele yangu, nikawaona Kukhu Raeli na mkongojo wake, kina mama wa Lugari na vilemba vyao vya sikukuu, na kila uso uliotulisha. Sijawahi kuogopa watu ninaowapenda namna ile.

Unayajua niliyosema, ulikuwepo, lakini nataka uwe nayo kwa mwandiko wangu. Nilisema: "Mwana wetu anasafiri Jumanne. Anaenda shule. Ametuomba asiitwe mbele, nasi tumekubali. Mlitubeba miaka yote ile, na hatutaweza kuwashukuru vya kutosha. Lakini ni mimi na babake mliotutuma. Shukrani ni yetu, si yake. Mkitaka kumwombea, ombeni. Mkitaka kujua habari zake, yuko hapa, muulizeni mwenyewe, na asipojibu, mwacheni."

Nikaketi. Mtoto alisikika kanisa zima akitafuna biskuti. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo akaanza kupekua kurasa. Halafu babako, ambaye hajawahi kufungua mdomo kanisani tangu tuoane, akasema "Amina" kwa sauti ya mtu anayegongea msumari wa mwisho. Tukaimba.

Nje walikusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyekutuma. Wengine hawakufurahi, nisikudanganye. Mama mmoja alinipita bila kunisalimia. Nitamtembelea wiki ijayo na ndizi, atanielewa au hatanielewa.

Halafu tukatembea kwenda nyumbani, wewe na mimi, babako akiwa mbele na wazee. Na kabla hatujafika kwenye lango la kanisa ukaanza kuongea. Ukaongea tukipita soko, ukaongea tukisubiri pikipiki zipite, ukasimama katikati ya njia na mikono hewani kunieleza vizuri. Miaka minane ya mambo, Lutomia! Mengine yalinichekesha, mengine yalinichoma, na moja lilinifanya nikushike mkono kama vile una miaka saba, nawe hukuuondoa. Sitaliandika hata moja hapa. Karatasi huanguka, na mimi nimeshawahi kuangusha nyingi.

Tulipofika mlangoni babako alikuwa amesimama na funguo, ametungojea. Akatutazama kwa zamu, akaniuliza, "Njia yote hii mlikuwa mnaongeanga nini?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

Nenda salama, baba. Nashukuru kwamba ulizaliwa kwangu.

Mamako